Programu inafanya kazi kwenye kipakatalishi, ikifika kwenye seva inagoma: nianzie wapi?

Kijana_wa_Molo (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Nimeunda programu ya tovuti ya kurekodi maziwa kwa ajili ya chama cha ushirika cha wafugaji huku kwetu Molo. Karani wa kituo hupima maziwa ya mkulima, huandika kilo kwenye simu yake, hupiga picha ya kadi ya mkulima, na mwisho wa mwezi programu hutoa ripoti ya malipo. Mkulima pia anaweza kununua chakula cha mifugo na kulipa kwa M-Pesa, ombi la malipo likimfikia moja kwa moja kwenye simu. Upande wa seva nimetumia Django, mfumo wa Python wa kuunda tovuti, na hifadhidata ya PostgreSQL, na sehemu ya mbele nimeiandika kwa React, ikiwa kwenye kikoa kidogo chake yenyewe. Nimekodi seva ya Ubuntu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1, nikaweka nginx mbele ipokee maombi na Gunicorn nyuma yake iendeshe Django.

Kwenye kipakatalishi changu kila kitu kinakwenda sawa. Kwenye seva ninapata shida nne. Kwanza, kila seva inapowashwa upya ninakaribishwa na hitilafu ya 502 mpaka niingie mwenyewe na kuiendesha programu kwa mkono. Pili, picha za makarani hazipandi, na kivinjari kinalalamika kuhusu CORS (ruhusa ya ukurasa wa kikoa kimoja kusoma majibu ya kingine) ingawa picha ndogo hupita bila shida. Tatu, ripoti ya mwezi huzunguka kwa muda halafu hutoa 502 nyingine. Nne, wakulima wanalipa lakini programu haipokei taarifa ya malipo. Nimekwisha kulegeza mipangilio ya CORS hadi kuruhusu kila kikoa duniani na bado hali ni ile ile. Ninaomba mwongozo.

Fundi_Kondele (Kisumu)

Ndugu, karibu. Kabla ya kugusa mpangilio wowote tena, kwa kila shida jiulize swali moja tu: ni nani aliyetoa jibu hilo? Ombi linapotoka kwenye simu ya karani, kwanza anwani hutafutwa kwenye DNS, yaani daftari la majina ya vikoa, kisha ombi hufika kwa nginx kwenye porti 443, nginx hulikabidhi kwa Gunicorn, Gunicorn huliingiza ndani ya Django, na Django huenda kuuliza PostgreSQL. Kila mmoja kati ya hao anaweza kulikataa, na kila mmoja ana namna yake ya kukataa.

Nambari 502 na 504 kwa mpangilio wako zinatoka kwa nginx. Ya kwanza maana yake ni kwamba aliye nyuma yake hapatikani au amekata mazungumzo katikati, na ya pili maana yake ni kwamba yupo lakini amechelewa kupita muda uliowekwa. Nambari 500 kwa kawaida hutoka ndani ya msimbo wako. Ukiona 400 kwenye kila ukurasa mara tu baada ya kuweka `DEBUG = False`, angalia `ALLOWED_HOSTS`, kwa sababu orodha hiyo ikiwa tupu Django hulikataa kila jina la kikoa. Na ikiwa kivinjari kinangoja tu mpaka kinachoka, bila nambari yoyote, huenda ombi halijafika hata kwa nginx, kwa hivyo tazama porti zilizofunguliwa kwenye ukuta wa usalama wa seva, ule ulio ndani ya Ubuntu na ule ulio kwenye dashibodi ya kampuni uliyokodi kwake. Watu wengi hufungua mmoja na kuusahau wa pili.

Fungua madirisha mawili ya terminali kwenye seva. Kwenye la kwanza andika `sudo tail -f /var/log/nginx/error.log`, na kwenye la pili `sudo journalctl -u maziwa -f`, ikiwa huduma yako inaitwa maziwa. Kisha washa seva upya, fungua ukurasa mara moja tu, na utuletee mistari iliyotokea. Usituletee picha ya skrini ya kivinjari, kwa kuwa kivinjari ndicho kilicho mbali zaidi na tukio.

Kijana_wa_Molo (Nakuru)

Ahsante sana, Fundi. Logi ya nginx inasema `connect() failed (111: Connection refused) while connecting to upstream`. Ile ya huduma ina mistari mingi ya Python, na wa mwisho ni `KeyError: 'DATABASE_URL'`. Kinachonishangaza ni kwamba nikiingia kwenye seva na kuandika amri ya Gunicorn mwenyewe, inawaka bila malalamiko, na `echo $DATABASE_URL` inanionyesha anwani sahihi ya hifadhidata.

Mwalimu_Njoro (Nakuru)

Mistari hiyo miwili imejitosheleza. Nginx imebisha mlangoni pa Gunicorn ikakuta hakuna mtu, na Gunicorn haikuwepo kwa sababu Django ilianguka wakati wa kuwaka kwa kukosa `DATABASE_URL`.

Wewe unaiona anwani hiyo kwa sababu umeiandika kwenye `.bashrc`, na faili hiyo husomwa na ganda lako la amri unapoingia. Systemd, inayoanzisha huduma kwenye Ubuntu, haiisomi. Huduma inayoanzishwa na systemd huanza na mazingira karibu matupu, kwa hivyo ni lazima uyaandikie mahali pake. Katika faili ya huduma, chini ya `[Service]`, weka mistari hii:

`EnvironmentFile=/etc/maziwa/mazingira.env`
`Restart=on-failure`

Ndani ya `mazingira.env` andika kila kigezo kwenye mstari wake, kwa mfano `DATABASE_URL=postgres://...`, bila kutanguliza neno `export`, kwa maana faili hiyo haisomwi kama hati ya ganda la amri, na pia usitarajie alama ya dola ibadilishwe kuwa thamani ya kigezo kingine. Ifanye mali ya root na uipe ruhusa ya `600`. Kisha endesha `sudo systemctl daemon-reload`, halafu `sudo systemctl enable --now maziwa`. Hilo neno `enable` ndilo linaloifanya huduma iwake yenyewe baada ya umeme kukatika au seva kuwashwa upya. Ukitumia `start` peke yake, utairudia kazi hiyo kila mara.

Jambo la pembeni, ingawa kwangu ni zito: hakikisha faili hiyo haijawahi kuingia kwenye Git, inayotunza historia ya msimbo wako. Nimewaona wanafunzi wakiifuta faili ya siri katika badiliko linalofuata wakidhani wameiondoa, ilhali historia bado inaitunza na yeyote mwenye nakala anaweza kuisoma. Ikiwa iliwahi kupanda, badilisha nywila na funguo zote, kisha ndipo ushughulikie kuisafisha historia.

Bungoma_Kontena (Bungoma)

Kwa maoni yangu haya yote yanaepukika. Iweke programu ndani ya kontena, yaani kifurushi chenye programu na kila inachohitaji, na itaendeshwa kwenye seva vile vile inavyoendeshwa kwenye kipakatalishi.

Fundi_Kondele (Kisumu)

Ndugu wa Bungoma, kontena ni nzuri na mimi huzitumia kila siku, lakini kwa shida alizotaja ndugu yetu hazingemwokoa. Kigezo kilichokosekana kingekosekana ndani ya kontena vile vile. Isitoshe, angepata mtego mpya ambao huwakamata wengi: ndani ya kontena, `localhost` ni kontena yenyewe, kwa hivyo programu inayotafuta hifadhidata kwenye `localhost` haitaiona iliyo kwenye kontena jirani, na Gunicorn iliyofungwa kwenye `127.0.0.1` haitafikika kutoka nje mpaka iambiwe isikilize kwenye `0.0.0.0`. Amalize kwanza kuielewa njia ya ombi, halafu aifunge kwenye kontena akitaka.

Dada_Kakamega (Kakamega)

Mimi ninaomba kuizungumzia shida ya picha, kwa sababu ujumbe wa CORS ni shahidi anayepotosha watu wengi, na dawa ambayo kaka yetu ameijaribu ni hatari kuliko ugonjwa.

Tukumbuke kwanza kwamba CORS inasimamiwa na kivinjari. Ukurasa wako uko kwenye kikoa kimoja na API, yaani upande wa seva unaojibu maombi yake, iko kwenye kingine, na kwa kivinjari asili ni itifaki, jina na porti vikiwa pamoja, kwa hivyo hata tofauti ya `http` na `https` inatosha kufanya asili ziwe mbili. Seva ikijibu, kivinjari hutafuta kichwa cha `Access-Control-Allow-Origin` kwenye jibu hilo. Kisipokiona, hakikubali ukurasa ulisome jibu, na huandika kwenye konsoli kwamba CORS imekataa. Hakichunguzi kwa nini kichwa hakipo.

Sasa tazama dalili uliyotupa wewe mwenyewe: picha ndogo hupita. Kama mpangilio wa CORS ungekuwa na kasoro, hata ndogo zingekataliwa, kwa maana kivinjari hakipimi uzito wa picha. Kinachopima uzito ni nginx. Usipoiambia vinginevyo, nginx hukubali mwili wa ombi usiozidi megabaiti 1, na picha ya simu ya leo hupita hapo kwa urahisi. Kikomo kikipitwa, nginx hujibu 413 (ombi ni kubwa mno) yenyewe, bila kumwambia Django chochote. Na kwa kuwa vichwa vyako vya CORS vinawekwa na Django, jibu hilo la nginx halina kichwa hata kimoja. Kivinjari kinapokea 413 isiyo na kichwa, kinakuficha 413, na kinakuonyesha malalamiko ya CORS. Kwa hivyo unaweza kurekebisha CORS mpaka mwaka uishe.

Ili uthibitishe, mwombe karani mmoja atume picha huku ukitazama `/var/log/nginx/access.log`. Ninatarajia utaona mstari wa `POST` wenye 413. Ukiuona, ndani ya kipande cha `server` cha API andika `client_max_body_size 10m;`, kisha `sudo nginx -t` ili kukagua maandishi kabla ya kuyatumia, na hatimaye `sudo systemctl reload nginx`. Mkasa huu huu hutokea pia kwa 502, kwa hivyo ukiona CORS imekuja ghafla kwenye kitu kilichokuwa kikifanya kazi jana, ishuku seva kwanza.

Nina maombi mawili zaidi. Rudisha orodha ya asili zinazoruhusiwa iwe na kikoa chako cha mbele peke yake. Pia ipunguze picha ndani ya simu kabla haijatumwa, kwa sababu karani aliye kituoni bondeni anatumia bando lake mwenyewe na mtandao wa huko haumngoji mtu. Kadi ya mkulima inasomeka vizuri hata picha ikiwa na upana wa pikseli 1,200.

Kijana_wa_Molo (Nakuru)

Dada, nimeiona 413 kwa macho yangu, na baada ya kubadilisha mstari huo picha zinapanda. Mwalimu, huduma nayo sasa inawaka yenyewe. Kwa ripoti ya mwezi, logi ya Gunicorn inasema `WORKER TIMEOUT`, na ninafikiria kuongeza muda huo uwe dakika tano.

Fundi_Kondele (Kisumu)

Usiongeze bado. Gunicorn isipopangwa humngoja mfanyakazi wake kwa sekunde 30, kisha humuua, ilhali nginx hungoja sekunde 60. Ndiyo maana umepata 502 badala ya 504: Gunicorn imekata mazungumzo kabla ya subira ya nginx kuisha. Ukiweka dakika tano upande mmoja utaanza kuiona 504 kutoka upande wa pili, na ukiongeza pande zote mbili, mfanyakazi mmoja atakuwa ameshikwa na ripoti huku makarani wakingoja foleni. Kumbuka kwamba Gunicorn isipoambiwa idadi, huanza na mfanyakazi mmoja tu.

Swali ni kwa nini ripoti inachukua muda huo. Tuonyeshe kipande kinachokokotoa jumla.

Kijana_wa_Molo (Nakuru)

Ni hiki hapa, nimekifupisha:

`for m in Mkulima.objects.all():`
`    jumla = sum(p.kilo for p in m.pokezi_set.filter(tarehe__month=mwezi))`

Fundi_Kondele (Kisumu)

Hapo ndipo penyewe. Kwa kila mkulima unarudi tena kwenye hifadhidata, unaleta pokezi zake zote za mwezi ndani ya Python, halafu unazijumlisha. Kwenye kipakatalishi ulikuwa na wakulima wachache wa majaribio, hukuweza kuona tofauti. Chama chenye wakulima elfu mbili kinafanya maswali elfu mbili kwa ripoti moja. Mwachie PostgreSQL kazi ya kujumlisha:

`Pokezi.objects.filter(tarehe__gte=mwanzo, tarehe__lt=mwisho).values('mkulima').annotate(jumla=Sum('kilo'))`

Hilo ni swali moja. Nimetumia mipaka miwili ya tarehe badala ya `tarehe__month` kwa sababu ulivyoandika wewe, pokezi za mwezi wa tatu wa mwaka huu zingechanganyika na za mwezi wa tatu wa mwaka ujao, na hilo ungeligundua siku ambayo mkulima amelipwa mara mbili. Weka pia faharasa kwenye safu ya tarehe.

Na kwa kuwa tumegusa tarehe, kagua saa. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, na mradi mpya wa Django huandikwa `TIME_ZONE = 'UTC'`. Sisi tuko saa tatu mbele mwaka mzima. Ina maana kwamba chochote kinachorekodiwa kati ya saa sita na saa tisa usiku wetu huhesabiwa kuwa cha jana. Huenda kwenu maziwa hayapimwi saa hizo, lakini huku ziwani omena huvuliwa usiku kwa taa, na mfumo mmoja wa wachuuzi niliouhudumia ulikuwa ukigawa usiku mmoja wa mauzo kwenye tarehe mbili, hata mwenye daftari la karatasi na mwenye simu wakawa hawaelewani kamwe. Acha `USE_TZ = True` ili hifadhidata itunze UTC, kisha weka `TIME_ZONE = 'Africa/Nairobi'` ili ukataji wa siku ufuate saa ya hapa. Kwa ushirika wako, mwisho wa mwezi ndio utakaouma, kwa sababu marekebisho ya usiku wa tarehe 1 yataangukia mwezi uliokwisha kulipwa.

Mwalimu_Njoro (Nakuru)

Imebaki shida ya malipo. Kijana wangu, tafuta kwenye `access.log` mistari ya `POST` inayoelekea kwenye anwani uliyoitoa kwa ajili ya kupokea taarifa za M-Pesa. Kuna hali mbili. Ikiwa hakuna mstari wowote, taarifa haikufika kwako, na mara nyingi sababu ni kwamba anwani iliyotumwa kwenye ombi bado ni ile ya majaribio, au ni ya `localhost`, ambayo hakuna mtu wa nje anayeweza kuifikia. Anwani inapaswa kuwa ya hadharani na yenye `https`.

Ikiwa mistari ipo na ina 403, basi ni Django inayokataa. Kinga yake ya CSRF, inayozuia maombi ya kughushi kutoka tovuti nyingine, hudai tokeni kwa kila `POST`, na seva ya malipo haijawahi kufungua fomu yako ili ipewe tokeni. Kwa kitendakazi hicho kimoja tu weka `@csrf_exempt`. Usiizime kinga hiyo kwa programu nzima.

Lakini ukishaufungua mlango huo, kumbuka kwamba yeyote anayeijua anwani anaweza kubisha. Mtu anaweza kutuma taarifa ya uongo yenye `ResultCode` 0, yaani malipo yamefaulu, na chama kikatoa gunia la chakula cha ng'ombe bure. Kwa hiyo unapoanzisha ombi la malipo, hifadhi `CheckoutRequestID` uliyorudishiwa. Taarifa ikifika, ilinganishe na ile uliyohifadhi pamoja na kiasi, kisha uliza hali ya muamala kwa ombi lako mwenyewe kabla ya kuandika kwamba umelipwa. Andika msimbo kwa namna ambayo taarifa ile ile ikija mara mbili haitaongeza salio mara mbili. Na usiichukulie kila nambari isiyo sifuri kuwa ni kuharibika kwa mfumo: 1032 ni mteja aliyeghairi mwenyewe, na 1 ni salio lisilotosha. Karani akionyeshwa tofauti hiyo kwa maneno ya kawaida, hatakupigia simu kila mkulima anapokosa pesa.

Kijana_wa_Molo (Nakuru)

Ilikuwa 403, Mwalimu, na sasa ni 200. Ripoti nayo inafunguka papo hapo. Nimebakisha jambo moja dogo: nikijaribu kujenga sehemu ya mbele kwenye seva kwa `npm run build`, inafanya kazi kwa muda kisha inaandika `Killed` bila maelezo yoyote. Na hata nikifanikiwa, makarani wengine bado wanaona toleo la zamani.

Dada_Kakamega (Kakamega)

Neno hilo `Killed` kwa kawaida ni alama kwamba kernel, kiini cha Linux, imeua mchakato. Kumbukumbu imekwisha, nayo imechagua mchakato mkubwa zaidi na kuuua. Ukiandika `sudo dmesg | grep -i oom` utauona ushahidi. Gigabaiti 1 inayogawanywa na PostgreSQL, Gunicorn na ujenzi wa React haitoshi. Jenga kwenye kipakatalishi chako, kisha upeleke folda iliyokamilika kwa `rsync`. Unaweza kuongeza nafasi ya swapu, yaani sehemu ya diski inayotumika kama kumbukumbu, lakini sioni sababu ya seva inayohudumia watu kufanywa karakana.

Kuhusu toleo la zamani, faili za JavaScript zinazotoka kwenye ujenzi huwa na herufi za kipekee kwenye majina yao, hivyo zinaweza kuhifadhiwa kwenye kache kwa muda mrefu bila madhara. Ile isiyopaswa kuhifadhiwa hivyo ni `index.html`, kwa kuwa ndiyo inayotaja majina hayo. Iwekee `Cache-Control: no-cache` ndani ya nginx. Ukiwa hapo hapo, hakikisha una `try_files $uri /index.html;`, la sivyo karani akiburudisha ukurasa wa ndani atapata 404.

Pia, ikiwa unajenga kwenye Windows siku moja na Linux siku nyingine, angalia herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Kwa Windows `Kadi.js` na `kadi.js` ni kitu kimoja. Kwa Linux ni faili mbili, na moja kati yake haipo.

Fundi_Kondele (Kisumu)

Ninaongeza mawili tu. Ikiwa cheti chako ni cha Let's Encrypt kinachodumu siku 90, endesha `sudo certbot renew --dry-run` leo, ukiwa bado na muda, uone kama kuhuisha kutafaulu. Aliyefunga porti 80 akidhani haihitajiki tena hugundua siku cheti kinapokufa.

La pili ni kuhusu ile faharasa ya tarehe utakayoongeza kwa `migrate`, amri ya Django ya kubadilisha muundo wa hifadhidata. Chukua nakala kwa `pg_dump` kwanza, uihamishe kutoka kwenye seva, na uirejeshe kwenye hifadhidata ya majaribio ili ujue kwamba inasomeka. Makarani hupokea maziwa alfajiri na asubuhi, kwa hivyo fanya kazi hiyo saa nane mchana, wakati vituo vimefungwa na wewe bado una nguvu ya kusoma logi.